Fedha za Umma za Huduma za Jamii na Malengo ya Maendeleo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na maofisa mipango, wajumbe wa kamati za bajeti, watu wa asasi za kiraia na waandishi wanaofuatilia matumizi ya serikali. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayozua ubishi ndani ya vikao. Jibu likishatolewa mahali pengine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kuoanisha fedha za jamii na malengo ya maendeleo maana yake nini hasa?

Ni kuhakikisha kwamba uamuzi wa wapi fedha ziende unatokana na lengo ambalo taifa limekubaliana, na si mazoea ya mwaka jana, ubavu wa idara fulani au mradi uliokuja na mfadhili. Kati ya lengo na mwananchi kuna hatua kadhaa: lengo lenyewe, shabaha inayopimika, programu ya kulifikia, kasma (kifungu cha fedha) iliyomo kwenye bajeti, fedha kutoka hazina, kisha huduma. Hatua moja ikikatika, hizo nyingine hubaki maandishi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: chukua bajeti ya wizara, ufute kila mahali lilipotajwa lengo la taifa au la dunia. Kama mgawo wa fedha unabaki vilevile, hakuna kilichooanishwa. Malengo yalipachikwa baada ya uamuzi kufanyika. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu jinsi ya kuliepuka hilo.

2. Ni fedha zipi zinazohesabiwa kuwa za huduma za jamii?

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha matumizi ya serikali kwa majukumu una mafungu 10. Afya ni fungu la 7, elimu la 9 na hifadhi ya jamii la 10. Fungu la 6, lenye makazi na usambazaji wa maji, nchi nyingi hulijumlisha pia. Nchi ikiripoti kiashiria cha dunia kinachopima sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye huduma muhimu, hesabu hukusanya elimu, afya na hifadhi ya jamii tu.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha nchi mbili, au mwaka mmoja na mwingine, uliza kwanza nini kimejumlishwa. Pensheni za watumishi wa serikali, kwa mfano, zikiingizwa kwenye hifadhi ya jamii zinaweza kulivimbisha fungu hilo huku familia maskini zisipate chochote cha ziada.

3. Malengo ya dunia ni yapi, na je, yanaifunga serikali kisheria?

Mwezi Septemba 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yenye shabaha 169, ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Afrika ina pia Ajenda 2063 ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2015.

Malengo hayo si mkataba, na hakuna mahakama inayoweza kuiadhibu nchi kwa kutoyafikia. Hata hivyo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo ni hiari tupu wanakosea. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966 unazitaka nchi zilizouridhia kutumia rasilimali zilizopo kwa kiwango cha juu kabisa ili haki hizo zitimie hatua kwa hatua. Zipo pia katiba zinazozitaja afya, elimu na hifadhi ya jamii kuwa haki; ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni mfano. Mahali kama hapo, bajeti ya jamii ni suala la sheria kabla ya kuwa suala la ahadi.

4. Malengo ya taifa na ya dunia yakitofautiana, lipi litangulie?

La taifa. Mpango wa taifa ndio wenye bunge nyuma yake, ndio unaojua msimu wa njaa uko wapi na wilaya ipi haina wakunga. Malengo ya dunia hufanya kazi yake vizuri yakitumika kama orodha ya ukaguzi: je, mpango wetu umesahau kundi gani? Mara nyingi orodha hiyo hufichua pengo, kama vile watu wenye ulemavu ambao hawakutajwa popote, au kazi ya malezi isiyolipwa inayobebwa na wanawake.

Ugomvi wa kweli kati ya ngazi hizi mbili ni nadra. Kinachotokea zaidi ni ofisi mbili kuandaa ripoti mbili, moja ya mpango wa taifa na nyingine ya malengo ya dunia, kwa takwimu zisizolingana. Ripoti moja yenye viashiria vya pamoja huondoa tatizo hilo, na huokoa muda wa watakwimu ambao kwa kawaida ni wachache.

## Viwango na kiasi

5. Je, kuna asilimia maalum ambayo serikali inapaswa kutenga?

Kwa sekta mbili, ndiyo. Mwezi Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti ya mwaka kwa afya. Mwaka 2015, Azimio la Incheon kuhusu elimu lilitaja asilimia 4 hadi 6 ya Pato la Taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma. Hifadhi ya jamii haina asilimia kama hizo. Ina kitu bora kwa maoni yangu: Pendekezo namba 202 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2012, linalotaja dhamana nne ambazo kila nchi izijenge. Nazo ni huduma muhimu za afya pamoja na za uzazi, kipato cha msingi kwa watoto, kipato cha msingi kwa watu wazima wasioweza kujipatia cha kutosha, na kipato cha msingi kwa wazee.

Nasema ni bora kwa sababu asilimia hudanganya. Asilimia 15 ya bajeti ndogo, ikigawanywa kwa idadi ya watu, inaweza isitoshe hata dawa za msingi. Asilimia pia hupanda bila afya kuongezewa chochote, pale sekta nyingine zinapokatwa. Itumie asilimia kama swali la kuanzia, kisha uliza mambo mawili: kiasi kwa kila mtu baada ya kuondoa mfumuko wa bei, na dhamana gani mtu anaweza kuidai leo.

6. Tukiongeza fedha, je, malengo hayatafikiwa yenyewe?

Hapana. Ushahidi unaotajwa sana unatoka Uganda. Utafiti uliofuatilia ruzuku ya shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995 ulikuta kwamba shule zilikuwa zikipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha ambazo serikali kuu ilizitoa kwa ajili yake. Kilichobaki kiliishia wilayani, na sehemu yake iligharimia mambo ambayo hayakuhusu elimu. Kwenye vitabu vya hazina, elimu ilikuwa imefadhiliwa. Darasani hapakuwa na chaki.

Serikali ilianza kutangaza kwenye magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Miaka iliyofuata sehemu kubwa ya ruzuku ilianza kufika. Yapo mageuzi mengine ya wakati huo yaliyochangia, kwa hiyo sifa zote zisiende kwa magazeti. Bado somo ni zito kwa mtu yeyote anayepanga bajeti: kabla ya kuomba nyongeza, fuatilia fedha za mwaka uliopita hadi kwenye mlango wa zahanati.

## Kazi yenyewe ndani ya bajeti

7. Katika mzunguko wa bajeti, malengo yaingie hatua gani?

Kabla ya ukomo wa bajeti, yaani kiasi cha juu ambacho kila wizara inaruhusiwa kupanga, kutangazwa. Hili ndilo jambo linalokosewa kuliko yote. Hazina ikishatoa waraka wenye ukomo wa kila wizara, vita ya mgawo kati ya sekta imekwisha. Kilichobaki ni kupanga upya ndani ya kiasi kilekile. Mtetezi wa lishe anayefika bungeni mwezi wa mwisho na takwimu nzuri amefika wakati mlango unafungwa.

Mahali pa kufanyia kazi ni mfumo wa matumizi wa muda wa kati, ule unaokadiria miaka mitatu mbele. Hapo ndipo wizara inaweza kusema: tukitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo mwaka fulani, tunahitaji walimu wangapi zaidi, mishahara yao itagharimu kiasi gani mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Lengo lisilo na gharama haliwezi kushindana na barabara yenye makadirio ya mhandisi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ofisa mipango wa sekta ya jamii ni kugharimisha, kwa bei halisi na idadi halisi, na kufika hazina mapema akiwa na hesabu hiyo mkononi.

Bajeti ya programu husaidia pia. Bajeti inayoonyesha tu mishahara, mafuta na posho haisemi fedha zimenunua nini. Ile inayoonyesha programu ya chanjo, yenye shabaha na gharama zake, humpa mbunge kitu cha kuhoji.

8. Kubandika namba za malengo kwenye kila kasma kunasaidia?

Kunasaidia kwa jambo moja: kuona. Meksiko ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuunganisha programu za bajeti na Malengo ya Maendeleo Endelevu, na zoezi kama hilo huonyesha haraka shabaha zenye programu nyingi zinazogongana na shabaha zisizo na programu hata moja. Shabaha hizo zisizo na kitu ndizo matokeo ya thamani zaidi.

Hatari yake ni kubwa vilevile. Chakula cha shuleni kinagusa njaa, elimu, afya na usawa wa kijinsia. Kasma hiyo ikihesabiwa yote chini ya kila lengo, fedha zilezile zitaonekana mara nne, na jumla itakuwa kubwa kuliko bajeti yenyewe. Weka kanuni mapema: lengo moja kuu kwa kila programu, mengine yatajwe bila kubeba fedha. Pia wizara zikijua kwamba lebo huvutia fedha, zitabandika lebo kila mahali. Nimeona mpango ambamo ukarabati wa ofisi za makao makuu ulipewa namba ya lengo la taasisi imara. Lebo ya namna hiyo ni udanganyifu kwa mlipa kodi, na ofisa wa bajeti anayeipitisha anashiriki.

Hivyo basi, mpe kazi ya kuweka lebo mtu asiyenufaika nayo, na mkaguzi apitie sampuli kila mwaka.

9. Viashiria ni vingi mno. Tuanze na vipi?

Orodha ya dunia ina viashiria zaidi ya 230. Wizara haihitaji vyote. Kwa fedha za jamii, vitatu vinatosha kuanzia: sehemu ya matumizi ya serikali inayokwenda kwenye elimu, afya na hifadhi ya jamii (kiashiria 1.a.2), matumizi ya kijamii yanayowanufaisha maskini (1.b.1), na uwiano kati ya matumizi halisi na bajeti iliyoidhinishwa (16.6.1). Cha kwanza huonyesha kipaumbele, cha pili mlengwa, cha tatu ukweli.

Ongeza kiashiria kimoja cha matokeo kwa kila programu kubwa, kilichogawanywa kwa jinsia, umri na mahali. Wastani wa taifa huficha wilaya zinazoachwa.

10. Tutazame bajeti iliyopitishwa au fedha zilizotumika?

Zilizotumika, kila mara. Bajeti iliyopitishwa ni nia. Mapato yanapopungua katikati ya mwaka, hazina hukata kwanza kile kisicho na mkataba wala mshahara, na mara nyingi hicho ni dawa, ruzuku za shule na malipo kwa kaya maskini. Programu inayoongoza kwenye hotuba inaweza kuwa ya mwisho kwenye utoaji wa fedha. Ripoti za robo mwaka za utekelezaji na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu ndizo zinazosema ukweli huo, kwa hiyo zisomwe kwa bidii ileile inayotumika kusoma hotuba ya bajeti.

11. Serikali za mitaa zinaingia wapi?

Katikati kabisa, maana huduma nyingi za jamii hutolewa huko. Kanuni ya mgawo wa ruzuku ndiyo sera yenyewe. Ikigawa kwa idadi ya vituo vilivyopo, maeneo yenye vituo yatazidi kupata. Ikigawa kwa idadi ya watu, umaskini na umbali, maeneo yaliyosahaulika yatapata nafasi. Badilisha kanuni hiyo kabla ya kuandaa semina ya malengo.

## Nani anufaike

12. Tulenge maskini tu au tuwape wote?

Hapa wataalamu wenye nia njema wanatofautiana. Kulenga huonekana nafuu, lakini kunahitaji orodha, na kila orodha hukosea pande mbili: humwacha mwenye haki na kumwingiza asiye na haki. Kosa la kumwacha mwenye haki ndilo linaloumiza, na watu wanaoachwa ni walewale wasio na vitambulisho, simu wala mtu wa kuwasemea.

Meksiko ilianzisha mwaka 1997 mpango wa Progresa uliowalipa akina mama kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki, na tangu mwanzo ukapimwa kwa kulinganisha vijiji vilivyoanza mapema na vilivyochelewa. Brazili, mwaka 2003, iliunganisha programu kadhaa zilizotawanyika kuwa Bolsa Família, ikitegemea daftari moja la kaya lililokuwa limeanzishwa mwaka 2001. Hapo kuna funzo la kuoanisha: kabla ya kuunda programu mpya, unganisha zilizopo.

Mwelekeo wangu ni kutoa kwa wote pale kundi linapojulikana kwa umri, yaani watoto wadogo na wazee, na kulenga pale tu ambapo fedha haziruhusu vinginevyo. Penye kulenga pawepo njia ya kukata rufaa inayofanya kazi.

13. Bajeti ya kijinsia ni jambo tofauti?

Ni kazi ileile ikitazamwa kwa swali moja: fedha hizi zinamfikia nani? Australia ilianza kutoa taarifa ya bajeti kuhusu wanawake mwaka 1984. Uganda, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, inazitaka wizara kupata cheti cha jinsia na usawa kwa bajeti zao. Cheti chenye meno kina uzito kuliko aya nzuri ndani ya mpango. Kuhusu hatari ya kujaza fomu bila kubadili mgawo, tazama swali la 8.

14. Mwananchi wa kawaida anaweza kushiriki vipi?

Mji wa Porto Alegre, Brazili, ulianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya uwekezaji, na fedha zikaelekea kwenye maji na mifereji ya majitaka katika vitongoji maskini. Sharti la kwanza ni kwamba kuwe na fedha za kuamuliwa. Mkutano wa kusikiliza maoni baada ya makadirio kuchapwa huwachosha watu na kuwafundisha wasirudi. Mwananchi asiye na jukwaa hilo anaweza kuanza na kilichobandikwa ukutani: ruzuku ya shule, orodha ya dawa zilizopokelewa.

## Hali ngumu

15. Fedha za wafadhili zinavuruga au zinasaidia?

Zote mbili. Azimio la Paris la mwaka 2005 liliwataka wafadhili wafuate mipango ya nchi na kutumia mifumo yake ya fedha. Hata hivyo fedha nyingi bado hupita nje ya bajeti, zikiwa na ripoti zake, magari yake na viashiria vyake. Hazina isipoziona haiwezi kuzihesabu, na sekta moja inaweza kufurika huku nyingine ikikauka.

Liko pia suala la uhakika. Lengo la nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao lilikubaliwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970, na ni chache tu, kama Norwei, Uswidi, Luksemburgi na Denmark, zilizolitimiza kwa miaka mingi. Kwa hiyo huduma isiyoweza kusimama hata siku moja, kama dawa za kufubaza makali ya UKIMWI au chanjo, iwe na ratiba ya kuhamia kwenye kodi za ndani, na ratiba hiyo iandikwe wakati mfadhili bado yupo.

16. Kutenga kodi maalum kwa huduma fulani ni njia nzuri?

Wakati mwingine. Ghana ilipoanzisha bima ya afya ya taifa kwa sheria ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwa bidhaa na huduma kwa ajili yake. Bima ikapata chanzo chake. Lakini mifuko maalum ikiongezeka, hazina hubaki bila nafasi ya kupanga, na mwaka 2017 nchi hiyohiyo ilipitisha sheria ya kuweka ukomo kwa mifuko ya namna hiyo. Angalia pia kama bajeti ya kawaida ya wizara haipunguzwi kimyakimya kwa kiasi kilekile tozo ilichoingiza.

17. Deni limetubana na lazima tukate. Tukate wapi?

Anza na miradi ambayo haijaanza, safari, na misamaha ya kodi isiyo na faida inayoonekana. Linda mishahara ya walimu na wauguzi, dawa, na malipo kwa kaya. Jengo la hospitali likisubiri mwaka mmoja, litajengwa mwaka unaofuata. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili hapati miaka hiyo tena.

Kisha andika wazi shabaha zipi zimeahirishwa na hadi lini. Kukata huku ukidai kwamba malengo yote yako palepale kunawanyima wabunge nafasi ya kuamua kwa haki.

18. Tuna programu inayofanya kazi vizuri lakini haiingii chini ya lengo lolote. Ifutwe?

Usiifute kabla ya kuuliza inamsaidia nani. Huenda mpango ndio uliosahau: huduma kwa wazee wanaoishi peke yao, au kwa watoto wa wafungwa, hukosa mahali kwenye mipango mingi. Ikithibitika kwamba kuna haja na matokeo yapo, ipeleke kwenye mapitio ya katikati ya mpango ikiwa na gharama zake, na lengo lipanuliwe. Hadi mapitio hayo yafike, kasma yake iendelee kutolewa fedha kwa wakati, maana walengwa wake hawana sekta ya kuwatetea.